Bi Harusi Anasinzia

Mtu aliyekesha akimwinua mgonjwa hujulikana kwa mgongo kwanza, macho baadaye. Asubuhi ile Mama Pacha aliingia karakana akitembea kama aliyebeba ndoo ambayo haipo, kiuno kimekwenda upande, hata mlinzi wa lango, ambaye hakuwa na mazoea ya kumhurumia mtu kabla ya chai, akamwambia, "Pole, mama. Bibi hakulala?"

"Yeye alilala. Sisi ndio tuliokesha."

"Wewe na nani?"

"Mimi na kiuno changu."

Bibi huyo alikuwa mama mkwe wake. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuweza kuinuka kitandani wala kugeuka bila mikono ya mtu mwingine. Mume wa Mama Pacha alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo mpaka huu, kesho mpaka ule. Mapacha walikuwa shule ya bweni. Mikono iliyobaki nyumbani ilikuwa miwili tu, na yote ilikuwa yake. Ng'ambo ya ua alikaa shemeji yake, mdogo wa mumewe, pamoja na mkewe. Lakini shemeji kila alipofika mlangoni akamsikia mama yake akiguna, uso ulimgeuka majivu. "Nitamuumiza," alisema, kisha akaenda kutengeneza bawaba ya dirisha ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Basi shemeji huyo ndiye aliyekuwa fundi umeme wa kikosi kilekile cha taa za barabarani alichofanyia kazi Mama Pacha. Kazini walimwita Kaza. Hapakuwa na kitu duniani ambacho yeye hakukiona kimelegea. Bomba akilifunga, aitwe fundi bomba kulifungua. Chupa akiitia kifuniko, maji yale yanakuwa ya urithi. Ukimlalamikia anacheka, anasema kilicholegea ndicho kinachoua.

Na Mama Pacha ndiye aliyekabidhiwa Bi Harusi. Huyu alikuwa lori lenye mkono mrefu wa chuma na kikapu mwishoni mwake, cha kumpandisha fundi kwenye taa. Walimpa jina hilo kwa maringo yake ya kushuka: hatua, kituo, hatua, kituo, kama anayejua kwamba watu wote wanamtazama yeye. Leva za ndani ya kikapu zilikuwa zimekufa zamani, kwa hiyo aliyekwenda juu aliweka roho yake mikononi mwa aliyebaki chini.

Chini ya mkono ule palikuwa na silinda nene kama paja la mtu mzima, na ndani yake mafuta. Pampu ikiyasukuma mafuta, fimbo ya chuma inatoka, mkono unainuka, kikapu kinapanda na mtu wake. Hilo kila mtu kikosini alilijua. Wachache walijiuliza linalofuata: pampu ikiacha kusukuma, nani anashika? Si injini, maana hata ikizimwa kikapu kinabaki juu. Kinachoshika ni vali moja ndogo kama ngumi ya mtoto, iliyofungwa kwenye kitako cha silinda. Siku moja mama mkwe alitaka kujua mkwewe anafanya kazi gani hasa hata anarudi na mafuta kwenye nywele, naye Mama Pacha akamweleza kwamba ile vali ni bawabu. Mzigo ukimlalia mlangoni, hafungui. Mpira wa kupitisha mafuta ukipasuka huko nje, hafungui. Mpaka pampu ije kwa upande wa pili ibishe hodi, na hata hapo hafungui wazi. Anayatoa mafuta kidogo kidogo, ili mzigo ushuke kwa kadiri ya hodi, si kwa kadiri ya uzito wake.

"Na mzigo ukimzidi nguvu bawabu?" bibi aliuliza.

"Ndiyo maana ana springi, mama. Na springi ina skrubu yake. Tunampimia ukali."

Bibi alifikiri, akasema, "Mimi bawabu wangu ni mmoja, na hana springi."

Wakacheka wote wawili. Mama Pacha alicheka huku akimshika kwapani, akamgeuza.

Kwa majuma kadhaa sasa Bi Harusi alikuwa anasinzia. Ndivyo walivyosema kikosini: unamwinua fundi hadi kwenye taa, unaacha leva, na baada ya muda unakuta kikapu kimeshuka upana wa kiganja bila kuagizwa. Mama Pacha alijua ni uchafu. Punje ya mchanga au kipande cha mpira kilikuwa kimekaa kwenye mlango wa vali, na bawabu hafungi mlango barabara. Dawa yake ni kumfungua, kumwosha na kumrudisha. Alipoomba siku ya kufanya hivyo, msimamizi wao akampa Jumamosi, siku yake pekee ya kupumzika. Msimamizi huyo jina lake la kazini lilikuwa Leoleo, kwa kuwa kwake yeye hapakuwa na taa ya kesho.

"Jumamosi nilikuwa nilale," alisema Mama Pacha.

"Utalala Jumapili."

"Jumapili mama mkwe anaogeshwa."

"Basi lala kwa akili, mama. Unafumba jicho moja."

Kaza alikuwa hapo, akila muhogo.

Kila asubuhi, kabla mtu hajakanyaga kikapu, Mama Pacha alikuwa na desturi yake. Alipakia mifuko ya mchanga kwenye kikapu, uzito wa mtu na taa yake na ziada juu, akaiinua, akaiacha huko huko juu mpaka amalize kikombe cha chai, kisha akaishusha. Kikosi kiliiita mifuko ile wakwe, kwa sababu ni mizito, haisemi kitu, na lazima ipandishwe kabla ya kila mtu. "Wakwe wamekwisha panda?" ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi. Walicheka, lakini walingoja.

Asubuhi ile aliitazama mifuko imelala ukutani. Akautazama mgongo wake kwa ndani, kama mtu anavyotazama ndani ya mfuko ambao anajua hauna kitu. Leoleo alikuwa ameshaketi kwenye lori, mkono kwenye honi. Taa za soko zilikuwa zimekufa, wachuuzi walikuwa wakifungasha gizani wakikanyagana, na mkubwa fulani alikuwa amepiga simu.

"Twendeni! Soko leo leo!"

"Wakwe bado," alisema Mama Pacha.

Kaza alimkaribia, akasema kwa sauti ya nyumbani, si ya kazini, "Shemeji, jana walipanda, juzi walipanda. Waache wapumzike. Na wewe upumzike. Bi Harusi yuko sawa, nakuhakikishia."

Angemuuliza: unanihakikishia kwa lipi, wewe mtu wa nyaya? Siku nyingine angeuliza. Siku ile alisikia neno moja tu katika yote aliyosema, nalo ni kupumzika. Akapanda lori.

Sokoni palikuwa na mlingoti mmoja mrefu katikati, wenye taa nne kubwa kichwani, na chini yake meza za nyanya, vitunguu na viatu vya mtumba. Leoleo aliwasukuma wachuuzi nyuma, akazungusha kamba. Mama Pacha alishusha miguu ya lori, akaihakikisha imekanyaga, akapanda jukwaani nyuma ya lori, penye leva. Kaza akaingia kikapuni, akavaa mkanda wake wenye kulabu mbili, akaipachika moja kwenye chuma cha kikapu.

"Fundi!" alipaza sauti mama mmoja muuza nyanya. "Ukifika huko mbinguni tuulizie bei zitashuka lini!"

"Wamesema bei hazina mtambo wa kushusha!" Kaza akajibu, na soko likacheka, na Bi Harusi akampandisha.

Alipanda vizuri. Kaza alifika kwenye taa ya kwanza, akafungua nyaya, akaanza kufungua bolti. Taa ile haikuwa taa ya kitandani. Ilikuwa na kasha lake la chuma nyuma, uzito wake kama wa mtu mzima mwembamba, na kazi yenyewe ilikuwa kuilegeza mlingotini, kuipokea kikapuni, kisha kushuka nayo.

"Shemeji, niinulie kidogo!" aliita Kaza.

Mama Pacha alimwinua kidogo. Akaegemea nguzo ya leva, akaiacha baridi ya chuma impoze mgongo.

"Shemeji, kidogo tena!"

Akainua. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Aliona kope zake zinakutana, akazitenganisha kwa nguvu.

"Shemeji! Umelala? Niinulie!"

Hapo ndipo alipoamka, si kwa sauti bali kwa hesabu: mara tatu ndani ya dakika chache. Kusinzia kwa Bi Harusi alikujua. Kulikuwa usingizi wa paka, wa polepole, wa mara moja kwa muda mrefu. Huu haukuwa wa paka. Aligeuza kichwa akaitazama vali, ambayo ilikuwa pale pale kwenye kitako cha silinda, mkono ukinyooshwa unaigusa.

Mama Pacha alikuwa na alama yake kwenye vali ile. Siku alipoipimia ukali alichora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, rangi ya waridi aliyoiokota kwenye droo ya mapacha, kutoka kwenye nati ya kufungia mpaka kwenye mwili wa vali. Mtu akigusa nati, mstari unakatika. Rangi ya kucha haidanganyi na haitoki kwa mafuta. Sasa mstari ulikuwapo, mzima kabisa. Ila haukuwa wa waridi. Ulikuwa mwekundu ulioiva, kama nyanya ya jana. Na skrubu, ambayo yeye aliiacha imetokeza urefu wa ukucha, ilikuwa imezama hata kichwa chake karibu kisionekane.

Usingizi wote ukamtoka, ukaacha baridi mahali pake.

"Kaza! Usiipokee hiyo taa!"

"Nini?"

"Usiipokee! Zimebaki bolti ngapi?"

"Moja tu! Namalizia!"

"Irudishe! Kaza bolti, shemeji! Kaza!"

Tangu amfahamu hakuwahi kumwambia neno hilo kama amri, na huenda ndiyo sababu Kaza alitii kabla hajauliza. Spana ikazunguka upande mwingine. Mama Pacha akamwambia apachike kulabu ya pili kwenye chuma cha mlingoti.

"Chuma chenyewe kina kutu!"

"Ndicho tulicho nacho! Pachika, kisha usiitikise roho yako."

Leoleo alikuja akikimbia kwa ule mwendo wa watu wazito, tumbo likitangulia. "Kuna nini?"

"Waondoe watu chini ya mkono. Wote. Na meza."

"Kuna nini, mama?"

"Bawabu amelegezwa. Uzito wa Kaza anauhimili kwa shida. Uzito wa Kaza na taa hataweza kuuhimili."

Leoleo, kwa sifa yake, hakubishana. Aliwasogeza watu, akapiga simu kutafuta ngazi ya zimamoto, akarudi na uso umemshuka. Ngazi ilikuwa kwenye moto, upande wa pili wa mji. Na kikapu kilikuwa kinasinzia. Mama Pacha aliiona fimbo ya silinda ikizama taratibu, unywele kwa unywele, utando wa mafuta ukikusanyika shingoni mwake. Wangengoja, kikapu kingeondoka chini ya miguu ya Kaza naye akabaki ananing'inia kwenye kutu. Wangemshusha hivi hivi, ule mtikisiko wa kwanza wa kushuka ungemlemea bawabu akafungua mlango wote. Na kumwinua tena ilikuwa kumtikisa tena.

Palikuwa na njia moja: kumrudishia bawabu ukali wake huku mzigo ukiwa umemlalia. Hakuna mwalimu ambaye angemsifu kwa hilo. Akachukua spana.

"Shemeji," aliita, na sasa sauti yake ilikuwa ya nyumbani. "Ni wewe uliyegusa hii vali?"

Muuza nyanya alikuwa amekumbatia sinia lake kama mtoto.

"Ni wewe?"

"Nilikaza tu!" Kaza akajibu kutoka juu. "Ilikuwa imelegea, ndiyo maana anasinzia! Nilikaza kidogo jana baada ya wakwe, anasinzia, nikakaza tena jioni!"

Mama Pacha alilegeza ile nati ya kufungia. Akaweka ufunguo mdogo kwenye kichwa cha skrubu. Kisha mkono ukamsimama.

Alijua. Chuoni, mwalimu wao wa haidroliki aliwaambia mara nyingi mpaka wakamwiga mabwenini: vali zote ukikaza unaongeza, hii ya kushika mzigo ukikaza unapunguza. Waliomtengeneza walikusudia, ili siku mtambo ukifa na mtu yuko juu, umkaze bawabu mpaka alegee, mtu ashuke. Alijua hivyo kama anavyojua jina la mama yake. Lakini usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amesimama kwenye ujia wa nyumba yake, taa mkononi, asijue kama anakwenda kulala au anatoka kulala. Kichwa cha namna hiyo kitaaminiwaje kuhusu upande wa skrubu? Kama amesahau, kama ameichanganya na vali nyingine, basi zungusho moja tu la mkono wake ndilo litakalomwangusha mtoto wa mama mkwe wake.

Leoleo alimwona ameelekeza kifundo cha mkono kushoto, akapiga kelele, "Unafungua! Mama Pacha, hiyo ni kufungua! Kaza!"

Na juu Kaza naye aliona. "Shemeji unalegeza! Shemeji, utaniua!"

"Nyamazeni!"

Soko likanyamaza, hata la nyuma ambalo halikuwa likijua linanyamazia nini.

Mama Pacha hakuuinua mkono kwenye skrubu. Aliinua uso. "Shemeji, nisikilize. Niambie kweli, usinifurahishe. Tangu ulipokaza mara ya kwanza, Bi Harusi alisinzia zaidi au alipungua?"

Kutoka chini uso wa Kaza haukuwa zaidi ya doa jeusi kwenye ukingo wa kikapu.

"Na ulipokaza mara ya pili?"

Juu, Kaza alikuwa akipiga hesabu ambayo jibu lake linamwaibisha, na chini fimbo ilizama unywele mwingine.

"Zaidi," alisema.

"Sema nisikie!"

"Zaidi! Zaidi, shemeji! Nilidhani sikukaza vya kutosha!"

Basi. Hata akili yake iliyochoka ikisahau, chuma hakikusahau. Akageuza kushoto. Robo. Akatazama fimbo. Robo nyingine. Jasho lilimshuka machoni akaliacha, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye skrubu na wa pili umeshika silinda, kama anayemsikiliza mgonjwa kifuani. Robo nyingine. Ule utando wa mafuta shingoni mwa fimbo ukakoma kukusanyika. Akangoja. Hakuongeza wala hakupunguza, alingoja tu, mpaka akawa na hakika kwamba kilichobaki ni ule usingizi wa paka wa zamani. Akafunga nati.

"Toa kulabu ya mlingoti. Shika kikapu. Nakushusha."

"Shemeji..."

"Nini?"

"Polepole."

"Kwani lini nilikushusha kwa haraka?"

Akavuta leva kiasi cha kubisha hodi tu. Bi Harusi alitikisika kidogo, akafikiri, akashuka hatua. Kituo. Hatua. Kituo. Mara moja aliteremka zaidi ya alivyoombwa, soko zima likavuta pumzi, lakini bawabu akamdaka, na kikapu kikatulia kikicheza-cheza. Hatua. Kituo. Kikapu kilipogusa ardhi muuza nyanya alipiga vigelegele, kisha akaona aibu, akaanza kupanga nyanya.

Kaza alitoka kikapuni, akaketi kwenye kreti la mtu.

"Taa sasa..." Leoleo alianza, kwa mazoea ya mdomo.

"Wewe mzee nawe!" muuza nyanya akamkata. "Mwache mtu ashushe roho kwanza!"

Leoleo akaufunga mdomo. Akaiangalia taa iliyoning'inia juu kwa bolti zake, akamwangalia Mama Pacha, ambaye alikuwa amechomoa ufunguo wa lori na kuutia mfukoni na kufunga mfuko kwa kifungo. "Kesho," akasema Leoleo, na inasemekana hiyo ndiyo siku pekee neno hilo lilipata kusikika kinywani mwake.

Walirudi karakana. Kaza alikaa katikati, mikono mapajani, vidole vyake vikitafuta kitu cha kuzungusha na visikipate. Walipofika, Leoleo aliingia ofisini. Mama Pacha aliegesha lori kivulini, akashuka, miguu ikampeleka hadi ukutani penye mifuko ya mchanga. Akaketi juu ya wakwe. Mchanga ulikuwa na uvuguvugu wa jua, ukampokea kiuno mahali pale pale palipouma.

Kaza alimfuata, akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Ile rangi ni ya mke wangu," alisema.

"Najua. Mimi wanangu wanapaka waridi."

"Nilidhani hutaona."

"Kwa usingizi huu, ilibaki kidogo nisione."

Kaza alitazama viatu vyake. "Sikutaka kukuficha, shemeji. Yaani nilitaka, lakini si kwa ubaya. Nilisikia amekupa Jumamosi. Nikasema nikimkaza yule asisinzie tena, hakutakuwa na kazi, utalala."

Hasira Mama Pacha alikuwa nayo, ya kutosha kabisa, lakini hasira nayo inahitaji mtu wa kuibeba, na yeye alikuwa amebeba vya kutosha kwa siku moja.

"Ungetaka nilale," alisema, "ungekuja usiku."

Kule ofisini simu ililia, ikaachwa ilie.

"Naogopa kumuumiza."

"Na mimi namuumiza. Kila siku. Ananiambia, 'Hapo, mwanangu, hapo sipo,' nabadilisha mkono. Wewe umejifunga kwenye kutu leo ukanijibu kweli mbele ya soko zima. Utashindwa kumuuliza mama yako panapouma?"

Alisogea upande mmoja wa mfuko, akanyoosha miguu, akalaza kichwa juu ya mfuko mwingine. Mawingu yalikuwa yakipita juu ya bati la karakana, nayo yakawa mazito, na kope zake zikawa nzito pamoja nayo. Alisikia Kaza amechuchumaa karibu.

"Nimwinueje?"

"Mkono mmoja mgongoni, mmoja chini ya mapaja," alisema macho yamefumba. "Usimvute mkono, usimshike kwapani kwa nguvu kama mimi nikichoka. Mwambie kabla hujamgusa. Ukimshusha, usimwachie mpaka mto umemshika. Hata akikwambia basi, niache, usimwachie mpaka umeona."

"Na nikichoka?"

"Mwambie umechoka. Pumzika naye hapo hapo. Hana pa kwenda."

Kaza akacheka, kicheko kifupi kilichokuwa karibu na kitu kingine. Kisha akauliza tena kitu, pengine kuhusu dawa za usiku au upande wa nyonga, akangoja jibu. Halikuja. Mama Pacha alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono umelala kwenye mchanga kiganja juu, vidole vimelegea kabisa.

Leoleo alitokeza mlangoni, karatasi mkononi, akafungua kinywa.

"Msimwamshe," alisema Kaza, hakuinua sauti. Alisimama, akasogea ili kivuli chake kimwangukie usoni shemeji yake, akabaki amesimama hapo. Hakugusa kitu.